Mtoto akipona surua, usilegeze bado

Mwaka 2019 Goma yote ilikuwa inanawa mikono. Ukitoka Sake, ukiingia dukani Birere, unakuta ndoo ya maji ya klorini na mtu wa kukupima joto kwenye paji la uso. Tuliogopa Ebola, na ilistahili kuogopwa: mlipuko ule wa 2018 hadi 2020 uliua watu 2,287. Lakini surua, katika mwaka huo mmoja tu, iliua zaidi ya 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto wadogo. Surua hakuna aliyeiwekea ndoo mlangoni.

Mtoto wa dada yangu, kule Ndosho, aliipata kabla ya kuchanjwa. Vipele vikakauka, ngozi ikabambuka, tukamshukuru Mungu. Kisha kukaja kuhara, sikio likatoa usaha, halafu kichomi, yaani nimonia ya mapafu. Bibi yake akasema ni jicho la watu. Muuguzi wa kituo cha afya, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliuliza kitu kimoja tu: "Huyu aliugua surua lini?"

Aliuliza kwa sababu hii: mwili ukishapigana na mdudu, huacha chembe nyeupe za damu zinazomkumbuka. Siku akirudi, kingamwili, yaani silaha za damu za kumshika mdudu, hutengenezwa haraka, mara nyingi hata hujajua kama umeambukizwa. Virusi vya surua huingia ndani ya chembe hizohizo za kumbukumbu na kuziua. Watoto wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa walipimwa kabla na baada ya surua. Matokeo yaliyotoka 2019 yalionyesha wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao. Ni daftari la madeni la mama wa duka limeungua: wadeni bado wanapita barabarani, yeye hawajui tena. Chanjo haifanyi hivyo. Virusi vyake vimedhoofishwa, vinafundisha bila kufuta.

Kwa hiyo mtoto aliyepona surua mwangalie kwa miezi mingi, hata miaka miwili au mitatu. Akikohoa, mvue shati umtazame akiwa ametulia. Akipumua mbiombio, au chini ya mbavu kukiingia ndani kila anapovuta pumzi, usingoje kupambazuke. Akiwa bado na surua yenyewe, uliza kituoni vitamini A, hutolewa siku mbili mfululizo. Nyumbani mpe sombe au lengalenga yenye mawese, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Zile sirapu za "kuongeza kinga" zinazouzwa sokoni mimi sinunui. Pesa hiyo inatosha samaki. Antibiotiki nazo haziui virusi, muuguzi ndiye aseme kama kuna kichomi cha kutibu.

Jirani atakwambia chanjo ndiyo inaleta homa. Ni kweli, ya surua huweza kuleta homa ndogo wiki moja hivi baadaye, na inapita. Ila kwetu malaria ipo, basi homa yoyote ipimwe.

Dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, ya pili katika mwaka wake wa pili. Kama fishi, ile kadi ya chanjo, ilipotea mlipokimbia vita, mpeleke hivyohivyo, useme ukweli. Akichanjwa tena dozi aliyokwisha kupata, haimdhuru.