Giverny kwa siku moja, watu 12

Kwa kundi lenu la watu 12 linalotaka kutoka Paris na kurudi siku hiyohiyo, Giverny, kijiji alikoishi mchoraji Mfaransa Claude Monet, inafaa sana. Pandeni treni Gare Saint-Lazare, mshuke Vernon-Giverny; ni kama dakika 50. Tabu huanzia stesheni: abiria wengi hukimbilia basi la kwenda kijijini, likijaa huenda mkatembea kilomita 5. Kwa hiyo kaeni behewa moja, mshuke pamoja. Tiketi za bustani ya Monet nunueni mtandaoni mapema. Mkiingia, piteni kwanza njia ya chini ya barabara hadi bwawa la mayungiyungi, kabla daraja la kijani halijasongamana. Kuanzia mapema Novemba hadi mwisho wa Machi msiende, bustani hufungwa.