Bunduki ya kwanza ya shabaha, chukua ya bei chee tu

Wakuu mlioingia Marekani juzi juzi na wenzenu wa kazini washaanza kuwaalika renji (uwanja wa kulenga shabaha) wikiendi, ngoja niwaambie kidogo maana mimi nilianza vibaya na hela ikanitoka.

Karatasi kwanza. Kama uko huku kwa viza ya muda, ya shule au ya kutembea, sheria ya shirikisho kwa kawaida haikuruhusu kumiliki wala kushika silaha, labda uwe na msamaha kama leseni halali ya kuwinda, kwahiyo usikubali tu eti "njoo ujaribu yangu". Mwenye green card anaweza kununua, ila kila jimbo lina mambo yake, uliza dukani kabla hujatoa hela.

Haya, mimi nilikurupuka nikanunua bastola ya .45 kwa sababu ilionekana ya kiume. Inapiga mkono balaa, boksi la risasi 50 linakula hela ya maana, na kila nikikaribia kuvuta triga nafumba macho mwenyewe, shabaha iko salama kabisa haina hata tundu. Babu mmoja wa pembeni aliniangalia weee mwisho akaniletea Marlin Model 60, bunduki iliyoanza kutoka 1960, kitako cha mbao kimechubuka, risasi unazimwaga kwenye bomba lililo chini ya mtutu, yaani hata magazini (kasha la risasi la kuchomoa) ya kupoteza haina. Nikafyatua, begani kama mtu kakugusa tu, halafu kile kibati cha chuma kule mbele kikalia ting! Aisee nilicheka peke yangu kama chizi.

Hiyo inatumia risasi ya .22 Long Rifle, ndogo sana, iliyoko tangu 1887 na mpaka leo ndiyo ya bei rahisi kuliko zote, unanunua pakti la mia tano unashinda nalo kutwa nzima. Ukitaka ya magazini kuna Ruger 10/22, ipo tangu 1964, spea zake kila duka. Mimi yangu niliitoa duka la rehani, nikamulika tochi ndani ya mtutu nikaona mistari ya kuizungusha risasi imekaa safi, basi. Hii kitu ni kama baiskeli ya Phoenix, haina mbwembwe ila inafika, na ikikwaruzika roho haikuumi. Hela ya skopu (darubini ya kulengea) nunua risasi, mwezi wa kwanza lenga na saiti zake za chuma.

Ila sio toi. Risasi yake inaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili, na masikio na macho lazima uyakinge. Tena baruti ya kuwashia iko kwenye ukingo wa ganda kwahiyo mara nyingine inagoma, inalia "ka" na kimya. Usigeuze mtutu kuchungulia! Acha mtutu uendelee kuelekea shabaha sekunde 30 ndio uitoe hiyo risasi.

Kuhusu kufumba macho dawa yake ni hii, mwambie mwenzako akuchanganyie risasi za bandia na za kweli bila wewe kujua, ukikutana na ya bandia utaona mwenyewe unavyoruka bila mlio wowote, aibu yake inafundisha haraka.

Na hizi risasi zina madini ya risasi (lead), ni sumu, nawa kwa sabuni kabla hujashika chipsi. Kwa vumbi lake viatu vyangu vya renji vinalala nje barazani, mama watoto alishaapa.