MUULIZE FUNDI PICHA: Taa sita juu ya ziwa

SWALI: Shikamoo mzee. Nakutumia picha niliyopiga kwa simu mwalo wa Kibirizi, usiku wa giza, mitumbwi ya dagaa ikiwa imeshawasha taa. Juu ya ziwa, upande wa Kongo, kuna taa sita za kijani angani. Nikiwa pale sikuziona, nimezikuta kwenye picha nyumbani. Shemeji anasema ni majini. Vijana wa kijiweni wanasema ni visahani vya angani. Nasikia Wamarekani wana ofisi inayochunguza mambo haya. Nitaipelekaje kwao?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Marekani iache kwanza. Hesabu taa za mitumbwi: nazo ni sita. Ule mtumbwi uliojitenga chini kushoto, pacha wake wa kijani yuko juu kulia. Chora mstari kutoka kila taa hadi kwa pacha wake, utaona mistari yote inakatana katikati ya picha. Hiyo ni lenzi. Mwanga mkali ukiingia, kiasi kidogo hugonga vioo vya ndani, hurudi nyuma na kutua upande wa pili. Hizi taa za sola za siku hizi ni kali, na lenzi ya simu ni ndogo. Ndiyo maana macho yako hayakuona kitu.

Sasa hao wachunguzi. Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na mradi wa kuchunguza visahani, Project Blue Book, kuanzia 1952 hadi 1969. Lilipokea taarifa 12,618, na 701 zikabaki bila kutambuliwa. Mimi nilivyo mtu wa chumba cha giza cha kusafishia picha, kinachonivutia zaidi ni picha mbili za mkulima Paul Trent, zilizopigwa shambani kwake karibu na McMinnville, Oregon, mwaka 1950. Kuna kitu kama sahani angani, na nyaya za umeme juu yake. Miaka ya sitini Chuo Kikuu cha Colorado kililipwa na jeshi hilo kuchunguza visahani, na mwanasayansi William Hartmann akazipata negativu zenyewe, yaani filamu halisi za picha hizo. Hakuanza na umbo la sahani. Alipima weusi wa tumbo lake, akaulinganisha na kivuli cha tangi la mafuta lililokuwa karibu. Kitu cheusi kikiwa mbali hupauka kwa sababu ya hewa iliyo katikati, kama milima ya Kongo tunavyoiona mchana kutoka hapa kwetu. Kwa vipimo vyake, sahani ilionekana kuwa mbali sana, si kidude cha karibu.

Wapinzani nao wakatazama ukuta wa banda unaoonekana pichani. Trent alisema ilikuwa jioni, lakini vivuli vile, walidai, ni vya asubuhi. Na kwa nini sahani ikae chini ya nyaya, mahali ambapo mtu angeweza kuning'iniza kitu kwa uzi? Ubishi haujaisha. Mimi niko upande wa vivuli. Mtu husahau saa, ukuta hausahau.

Ofisi ya sasa ya Marekani inaitwa AARO, iliundwa 2022 ndani ya wizara yao ya ulinzi, na kazi yake kubwa ni taarifa za wanajeshi wao, si za mwaloni kwetu. Wafaransa wana ofisi yao, GEIPAN, kule Toulouse, chini ya shirika lao la anga za juu, tangu 1977, nayo husikiliza raia, ila wa kwao.

Basi fanya hivi. Usiku mwingine wa giza simama palepale, fungua kamera, zungusha simu polepole huku ukitazama kioo. Taa za mitumbwi zikienda kushoto na za kijani zikaenda kulia, mwambie shemeji alale. Zikienda pamoja, piga tena, kisha unitumie kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida, WhatsApp huibana na kufuta saa iliyopigwa, na saa ndiyo nitakayoiulizia kwanza.