Betri ya moyo ya mama haisomeki, nianzie wapi?

SWALI: Mama yangu ana miaka 68. Mwaka 2016 aliwekewa betri ya moyo India, akarudi salama, na tunaishi naye hapa Sumbawanga. Siku hizi anachoka upesi na kushikwa na kizunguzungu. Hospitali ya kwanza ilisema haina mashine ya kuipima betri. Tukasafiri hadi hospitali kubwa, wakajaribu, wakasema haisomeki. Kule alikowekewa nimeandika barua pepe tatu, kimya. Nimechoka kuzungushwa. Nifanye nini?

JIBU: Pole wewe, na umpe mama pole zetu. Betri ya moyo (pacemaker) ni kijisanduku kinachotuma umeme moyoni kupitia nyaya ili moyo upige, na kutosomeka kwa mashine si lazima iwe imekufa. Kila kampuni inayotengeneza betri hizi ina mashine yake ya kuzisoma. Mashine ya Medtronic haisomi betri ya Biotronik, wala ya Abbott, wala ya Boston Scientific. Inawezekana kabisa mama alipimwa kwa mashine isiyo yake, na ilikuwa haki yenu kuelezwa hivyo mapema, kabla hamjala nauli.

Lakini kizunguzungu hakisubiri hayo. Mpeleke mama leo akapimwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo. Kipimo hiki hakihitaji mashine ya kampuni, na kinaonyesha kama betri inatuma umeme na kama moyo unaitikia. Nawe hesabu mapigo yake kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima akiwa ametulia. Betri nyingi hupangiwa zisiruhusu moyo ushuke chini ya mapigo 60, na nyingine 50 usiku. Mkipata 40 au chini ya hapo, au akizimia, hiyo ni dharura, msingoje miadi.

Miaka pia inatutia wasiwasi. Betri nyingi hudumu miaka 8 hadi 12, kutegemea moyo unaitegemea kiasi gani, na ya mama imeshaingia katika umri huo. Inapokaribia kuisha haizimiki ghafla. Hutoa alama kwamba muda wa kubadilishwa umefika, na kwa kawaida huwa imebakiza kama miezi 3. Baadhi hujipunguzia kazi wakati huo ili zisitumie umeme mwingi, zikaacha kuoanisha vyumba vya juu na vya chini vya moyo. Mgonjwa huchoka na kuona kizunguzungu, wakati mapigo ukiyahesabu ni 65 safi kabisa. Ndiyo maana mtu akiambiwa "mapigo yako mazuri, nenda nyumbani," bado hajapimwa betri.

Hata bila mashine ya kampuni, daktari anaweza kuweka sumaku maalumu juu ya betri huku ECG ikiendelea. Betri nyingi za Medtronic zikiwa nzima hupiga 85 chini ya sumaku. Zikifika muda wa kubadilishwa hupiga 65. Kampuni nyingine zina namba zao. Msijaribu nyumbani.

Sasa tafuteni kadi. Kila aliyewekewa betri hupewa kadi yenye jina la kampuni, namba ya modeli, namba ya kifaa, tarehe, na aina ya nyaya. Ikiwa imepotea, piga eksirei ya kifua na uombe picha iliyo wazi eneo la betri: betri nyingi zina alama na herufi ndani zinazoonekana kwenye picha, na mtaalamu akiziona huitambua kampuni. Kadi ikiandikwa St. Jude, ulizia Abbott, iliyoinunua mwaka 2017. Ikiandikwa Guidant, ulizia Boston Scientific.

Ukishajua kampuni, piga simu kabla ya safari. Usiulize "mnapima betri za moyo?" kwa sababu utajibiwa ndiyo. Uliza: "Mna mashine ya kampuni hii? Ipo siku gani?" Sehemu nyingi mashine haikai hospitalini, huja na mtaalamu wa kampuni siku ya kliniki. Anza na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako betri hizi huwekwa, na umwombe daktari wenu aandike hizo namba kwenye barua ya rufaa. Vilevile iandikie kampuni yenyewe ukitaja namba ya kifaa. Kumbukumbu za India zikichelewa zisikukwamishe: mipangilio yote imo ndani ya betri, mashine sahihi itaichapa. Ombeni nakala ya karatasi hiyo kila mnapopima, walau mara moja kwa mwaka.

Ikionekana imeisha, hubadilishwa kijisanduku tu, kwa ganzi ya sehemu. Nyaya hupimwa, zikiwa nzima zinabaki.

SWALI: Baba mkwe ana betri ya moyo. Kituo cha picha hapa Mombasa kimekataa kumpiga MRI ya mgongo. Wana haki?

JIBU: Kukataa bila kujua aina ya betri ni tahadhari ya haki, kumrudisha bila kumwelekeza si haki. Betri nyingi za sasa huruhusu MRI, ila kijisanduku na nyaya zote ziwe za aina hiyo, na kwa kawaida ziwe zimekaa wiki 6 au zaidi. Mtaalamu wa betri huibadilishia mpangilio kabla ya picha na kuirudisha baadaye, basi awepo siku hiyohiyo. Pelekeni kadi kwa daktari wake wa moyo, aandike ruhusa kwa maandishi.