Maswali ya Wasomaji: Krili Hufuata Nini Chini ya Barafu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba krili, wale viumbe wadogo wa bahari ya Antaktika wanaofanana na uduvi, hukusanyika kwa wingi chini ya barafu. Je, humo gizani hula nini, na kule kujazana hakuwafanyi windo rahisi la pengwini na nyangumi?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na chakula, kwa maana ndicho kiini cha jambo hili. Maji ya bahari yanapoganda huacha ndani ya barafu vijishimo vya maji ya chumvi, na humo huota mwani mdogo mno unaoupaka upande wa chini wa barafu rangi ya kahawia. Krili hugeuka chali chini ya dari hiyo, akaukwangua mwani kwa ncha za miguu yake ya mbele na kuunasa katika vinyweleo vyake vilivyosongamana kama chekecheke.

Wanaouhitaji zaidi ni wachanga. Krili mzima, mwenye urefu wa takriban sentimita 6, amewahi kukaa maabara zaidi ya siku 200 bila kula, mwili ukizidi kusinyaa, lakini aliyeanguliwa kiangazi kilichopita hana akiba ya kumvusha katika majira ya baridi. Ndiyo maana mchana wachanga huonekana wamejibanza kwenye mianya ya mapande ya barafu yaliyopandana, na usiku hutawanyika majini.

Wakubwa nao wamo. Mwaka 2001, chombo kisicho na rubani kiitwacho Autosub-2 kilipita chini ya barafu ya Bahari ya Weddell, kikakuta kwamba kati ya kilomita 1 na 13 kutoka ukingoni krili walikuwa mara 5 ya wale wa maji ya wazi.

Kuhusu hatari, pengwini hukamata mmoja mmoja, na kundi likishtuka kila krili hukunja mkia kwa nguvu na kuruka kinyumenyume, hata mwindaji asijue amfuate yupi. Mbele ya nyangumi anayemeza kundi kwa mkupuo mmoja, mbinu hiyo haifui dafu. Hapo tunaona barafu yenyewe ndiyo inayosaidia zaidi, kwa sababu nyangumi hana budi kuibuka kuvuta pumzi, na penye barafu isiyo na nafasi hawezi kwenda mbali.