Kabla Hujapiga Dawa, Pima Joto la Kitalu Nyumba Chako

Nyanya iliyopigwa na joto au baridi hufanana mno na nyanya mgonjwa. Majani yanajikunja, maua yanapukutika, tunda linabaki na mabega ya njano, na mkulima anakwenda duka la pembejeo akiwa na jani moja mkononi. Muuzaji ameliona jani, banda hajaliona. Atampa alichonacho rafuni: dawa ya ukungu, au ya wadudu, na mara nyingi zote mbili. Nimelima nyanya ndani ya kitalu nyumba, yaani banda la nailoni au neti, huko Kibaha, mahali pasipofika mita 200 juu ya usawa wa bahari, na baadaye Njombe, karibu mita 2,000. Kote huko nimeona wakulima wakimwaga fedha kwenye majani yasiyo na ugonjwa wowote, na inaniuma, kwa sababu aghalabu fedha yenyewe ni ya mkopo wa kikundi.

Tuanze na kile nyanya inachotaka. Mchana hustawi kati ya nyuzi 21 na 27 za Selsiasi, usiku kati ya 15 na 20. Mchana ukipita 32 chavua huanza kudhoofika, na ukikaa juu ya 35 siku kadhaa mfululizo, maua mengi hayatashika tunda. Upande wa chini, usiku wa nyuzi 13 kushuka huharibu ushikaji wa matunda, na chini ya 10 mmea husimama kukua na kuanza kuumia.

Wakulima wengi huhangaika na joto la mchana peke yake. Mimi nimejifunza kuanza na usiku. Kibaha, kuanzia Januari hadi Machi wakati wa kaskazi, usiku hubaki juu ya nyuzi 22 kwa wiki nzima nzima. Hapo hata ukiweka neti ya kivuli nzuri kiasi gani, mmea hautapata saa zake za kupoa. Usiku wa joto huufanya uteketeze sukari nyingi uliyoitengeneza mchana, na maua ndiyo yanayokosa kwanza. Kwa hiyo kwa mtu wa Pwani ushauri wangu wa kwanza ni wa kalenda: sia mbegu katikati ya Aprili, hamisha miche katikati ya Mei, ili maua yakukute Juni na Julai. Hakuna kifaa cha kununua kitakachokufaa kuliko tarehe hizo.

Halafu nunua kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, ili asubuhi ukifika ukute usiku umeshuka hadi wapi. Si ghali, na bila hicho tunabahatisha. Kikae katikati ya banda, kwenye usawa wa maua yanayofunguka sasa, kimefunikwa na kivuli ambacho upepo unapita, kwa mfano kopo jeupe lililotobolewa pande zote. Ukikitundika kwenye nguzo ya mlangoni jua likakipiga, kitakusomea joto la plastiki yake chenyewe. Na mmea unapopanda, nacho kipandishe. Katika banda fupi, hewa ya juu karibu na nailoni inaweza kuwa moto kuliko ya chini kwa nyuzi kadhaa, na huko juu ndiko maua mapya yaliko.

Kama unacho kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso tulichokizoea wakati wa korona, usikitumie kwenye jani. Kimepangwa kwa joto la mwili wa mtu. Kile cha mafundi, cha kupimia vitu, ndicho kinachofaa. Elekeza kwenye jani saa saba mchana. Jani lenye maji ya kutosha hutoa jasho, kwa hiyo huwa na ubaridi kidogo kuliko hewa inayolizunguka. Ukikuta jani lina moto kuliko hewa, ujue limefunga vile vitundu vyake vya kupumulia: maji hayafiki, au yanafika kidogo kuliko linavyopoteza. Hapo tatizo lianze kutafutwa kwenye mizizi na kwenye mipira ya dripu.

Sasa tuje kwenye majani. Jani lililojikunja ndilo linalowatisha watu kuliko dalili nyingine, kwa sababu wote tunaiogopa rasta, ule ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe. Tofauti ipo na inaonekana kwa macho. Joto na kiu hukunja majani ya chini, yale makubwa ya zamani, kwenda juu. Jani linakuwa gumu kama ngozi lakini rangi yake inabaki kijani, na kilele cha mmea kinaendelea kukua. Rasta huanzia juu. Majani machanga yanatoka madogo, yamejikunja kama kijiko, kingo zake njano, na mmea wenyewe unadumaa. Geuza jani uangalie chini yake kama kuna inzi weupe. Mmea wa rasta ung'olewe, hauponi. Mmea uliokunja majani ya chini kwa joto hauhitaji kitu zaidi ya maji ya uhakika na hewa, na hayo majani hata yasiponyooka tena yanaendelea kufanya kazi. Usiyakate.

Jambo la pili ni namna tatizo lilivyokaa ndani ya banda. Joto haliambukizi. Ukikuta mstari mzima wa upande wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri, umebabuka siku moja, huku mistari ya kati ikiwa salama, hilo ni jua. Ugonjwa huanza na mmea mmoja au kijisehemu, kisha kesho wa pili, keshokutwa wa nne. Chukua vijiti, weka alama kwenye kila mmea wenye dalili, rudi baada ya siku tatu. Kama alama hazijaongezeka na hali ya hewa imepoa, weka bomba la dawa chini.

Kunyauka nako kuna saa zake. Mmea unaolegea saa saba mchana ukasimama tena jioni umechoka na joto. Ule ambao alfajiri unakuta bado umelala, wakati udongo una unyevu, una jambo zito zaidi. Kata shina karibu na udongo, kipande cha urefu wa kidole, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona uzi wa ute mweupe kama maziwa unateremka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Ng'oa mmea na udongo wake, na usipande tena nyanya, bilinganya wala pilipili hoho mahali hapo kwa misimu kadhaa. Jaribio hili halina gharama, nami ningependa kila mwenye banda alijue kabla hajaingia dukani.

Maua ndiyo yenye mengi ya kusema, na ndiyo tunayosoma vibaya. Ua la nyanya likishindwa kuchavushwa hugeuka njano kwanza kwenye kifundo cha kikonyo, kisha hukatikia hapo hapo. Mkulima akiona maua chini leo, anatafuta sababu ya leo: jana nilimwagia kidogo, juzi nilipiga mbolea ya majani. Lakini chavua huumia mapema, ua likiwa bado tumba, kama siku 7 hadi 15 kabla halijafunguka. Maua unayoyaokota leo yanakueleza joto la wiki iliyopita na ile ya kabla yake. Ndiyo maana nasisitiza daftari. Kila asubuhi andika namba mbili tu, ya juu na ya chini. Maua yakianza kuanguka, rudi nyuma wiki mbili kwenye kurasa zako, na mara nyingi utakuta siku nne au tano zilizopita 35.

Lifungue ua lenyewe pia. Ndani kuna mrija wa njano unaobeba chavua, na katikati yake kijiti cha kike. Kwenye ua zima kijiti hicho kimefichika ndani ya mrija. Joto kali hukirefusha kikachungulia nje, na chavua inaangukia pembeni bila kukigusa. Ukiona vijiti vinachungulia kwenye mashada mengi, huna haja ya kuuliza zaidi.

Angalizo moja: si kila ua linaloanguka ni la joto. Ndani ya banda hakuna upepo wa kutikisa maua, na nyanya inauhitaji ili chavua idondoke. Tikisa waya zinazoshikilia mimea kila siku kati ya saa nne na saa sita asubuhi. Alfajiri hewa ina unyevu mwingi na chavua inanata. Mchana wa joto kali kijiti kimekauka. Kama joto lako liko sawa kwenye daftari na maua bado yanaanguka, anza na hapa.

Kwenye tunda nitapita haraka. Ngozi nyeupe iliyobabuka upande unaotazama jua, mara nyingi baada ya kupogolea majani kupita kiasi, ni kuungua. Tunda lililoiva likabaki na rangi ya chungwa, lenye mabega ya njano yasiyobadilika, limeivia kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, ambalo huzuia ile rangi nyekundu kutengenezwa. Ukichuma linapoanza tu kubadilika rangi na kuliivisha ndani penye ubaridi, nyekundu utaipata. Kuoza kitako ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda. Chanzo chake kwa kawaida ni maji yanayokuja kwa kusuasua, na joto huzidisha. Kabla ya kununua kalsiamu ya kupulizia, hakikisha dripu haizibi na maji hayaruki siku.

Kuhusu maji, jambo linalosahaulika: mpira mweusi wa dripu uliolala juani, na tenki jeusi lisilo na kivuli, hutoa maji ya moto saa nane mchana. Mizizi haipendi. Mwagilia alfajiri, rudia kidogo saa nne, na funika mipira kwa matandazo ya nyasi au pumba za mpunga. Tenki lijengewe kivuli, hata cha makuti.

Upande wa hewa, neti ya pembeni yenye matundu madogo sana huzuia inzi weupe na kantangaze (nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya), lakini huzuia upepo vilevile. Fidia kwa kuongeza eneo la neti na kuacha tundu la juu lililo wazi, kwa sababu hewa moto hupanda na lazima ipate pa kutokea. Neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50, au chokaa iliyopakwa juu ya nailoni miezi ya jua kali, husaidia. Ikifika msimu wa mawingu iondoe, maana mmea wenye kiza unarefuka bila kuzaa. Na kwa Pwani nasema wazi: banda la neti tupu, lisilo na nailoni pembeni, linafaa kuliko banda lililofungwa. Mabanda mengi yaliyofungwa hivyo yametokana na michoro ya nchi za baridi, yakiwa na kazi ya kutunza joto. Sisi joto tunalo.

Njombe mambo yanageuka. Juni hadi Agosti nilikuwa nakuta asubuhi majani ya miche yana rangi ya zambarau, hasa chini ya jani na kwenye mishipa. Majirani waliongeza DAP, mbolea yenye fosforasi. Fosforasi ilikuwamo udongoni. Udongo wa baridi ndio ulioizuia mizizi kuifyonza. Chomeka kipimajoto sentimita 10 ardhini saa moja asubuhi. Chini ya nyuzi 15 usiongeze mbolea, pasha udongo: tuta lililoinuliwa, nailoni nyeusi juu yake, maji yasizidi. Majani mapya yakitoka kijani jua likirudi, umepata jibu.

Baridi ina alama nyingine inayochelewa, nayo ni tunda lenye mikunjo na makovu kitakoni, kama limeshonwa vibaya. Hilo liliharibika wiki kadhaa kabla ua halijafunguka, usiku ulipokuwa wa baridi. Hakuna dawa yake, na tunda hilo linalika vizuri.

Tena nailoni moja haitunzi joto la usiku kama watu wanavyodhani. Usiku wa anga safi, ndani na nje hutofautiana kwa nyuzi chache tu. Shusha mapazia saa kumi alasiri, jua likiwa bado lipo, na weka mapipa ya maji katikati ya mistari yanywe joto mchana na kulitoa usiku. Asubuhi fungua mapema utoe unyevu, maana banda la baridi lenye majani yaliyolowa ndilo bakajani chelewa, ugonjwa wa ukungu, analolipenda. Huyo utamtofautisha na baridi kwa madoa yanayoonekana kama yamelowa maji, yenye ukungu mweupe chini ya jani, yanayotanuka siku hadi siku. Barafu huunguza usiku mmoja, vilele na pembezoni, kisha inaacha.

Ukishajua kwamba ni joto, usipige chochote mchana huo. Salfa juu ya nyuzi 32 huunguza majani, na dawa nyingine nyingi hazivumiliki kwa mmea wenye kiu. Usisukume urea ukitarajia ufufuke. Punguza joto, nyoosha maji, acha majani yaliyopo yakivike tunda kivuli. Maua yaliyoanguka hayarudi, na shada linalofuata nalo linaweza kuanguka kwa sababu matumba yake yalishaumia. Hesabu wiki mbili tangu siku namba za daftari lako ziliposhuka, ndipo uanze kuangalia shada jipya.