Herufi za namba hazipangi bei: majibu kwa wanaouza magari

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya wauzaji. Sishangai. Novemba na Desemba kila mtu anasaka gari la kwendea nyumbani Kilimanjaro, Januari ada za shule zinapiga hodi na gari lilelile linabandikwa "linauzwa, mwenye mali ana shida". Ukishaandika kwamba una shida, mnunuzi anaanza kuhesabu kutokea kwenye shida yako. Haya, tuanze.

Nina Toyota IST, namba D za mwishoni. Nimeambiwa kwa namba hizo nisishuke chini ya milioni 14. Ni kweli? (Njiro, Arusha)

Aliyekuambia ni dalali, au nimekosea? Nimelisema hili mpaka wahariri wamechoka: namba, yaani ile herufi inayofuata tarakimu kwenye kibao, inaonyesha gari lilisajiliwa Tanzania lini, basi. Haisemi lilitengenezwa lini, limegongwa mara ngapi, wala limebadilishiwa oili au limeongezewa tu. IST mbili za mwaka 2004 zinaweza kuwa moja na namba C na nyingine namba D kwa sababu ya pili ilichelewa kupanda meli. Umri ni uleule. Nakubali kwamba namba inakupa fununu ya muda ambao gari limekula vumbi letu, lakini D iliyopiga teksi ya mtandao usiku na mchana imechoka kuliko C ya mwalimu mstaafu anayekwenda kanisani na sokoni.

Fanya hivi. Chukua kadi, soma mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini. Ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha Mamlaka ya Mapato (TRA), jaza gari kama lako, uone kodi yake leo. Usishangae ikiwa kubwa. Kuna ushuru wa forodha 25%, kuna VAT 18%, na kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: hadi cc 1000 hakuna, kuanzia 1001 hadi 2000 ni 5%, zaidi ya hapo 10%. Halafu kuna ule wa uchakavu, unaohesabiwa kwa mwaka wa kutengenezwa: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa 15%, lililopita miaka 10 linaongezewa 30%. IST za toleo la kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo kila inayoshuka bandarini leo inabeba hiyo 30%. Ndiyo maana gari ambalo Japani wanaliona la kutupa, hapa bado lina heshima. Na shilingi ikishuka mbele ya dola, IST yako iliyolala uani inapanda bei bila wewe kufanya lolote.

Jumlisha bei ya kununulia kule, meli, kodi, bandari na kulifikisha Arusha. Hiyo ndiyo dari yako, hakuna mwenye akili atakayeivuka kwa gari ulilokwisha kulitumia. Tuseme kwa mfano tu imefika milioni 16. Sasa anza kutoa: tairi zilizobaki kipara, shokapu za mbele zinazogonga kila ukivuka tuta, kioo chenye ufa, stering raki inayovuja. Kwa kila kimoja weka bei ya fundi, usiweke ya kukisia. Mwisho toa kitu kwa ajili ya miaka uliyolitumia hapa. Kujua ni kiasi gani, tafuta watu wawili watatu waliouza IST miezi ya karibuni na uwaulize walipokea shilingi ngapi mkononi. Usiniambie umeangalia mtandaoni. Bei ya tangazo ni bei ya gari ambalo bado halijauzwa.

Ukifika milioni 14 kwa njia hiyo, uza 14. Ukifika 11, herufi D haitakuongezea tatu.

Nimefunga rimu za inchi 17, mziki wa laki nane na taa mpya. Nizijumlishe kwenye bei? (Sakina)

Hapana. Rudisha rimu zake za mwanzo, vua mziki, uza kivyake kwa kijana mwenzako. Baba anayetafuta gari la kupeleka watoto shule halipii besi yako, tena akiziona hizo rimu anaanza kuwaza ulikuwa unaendeshaje.

Bei ya Vitz ni shilingi ngapi? (bila jina)

Vitz ipi?

Mume wangu alifariki mwaka jana akaacha Prado ya dizeli, injini 1KZ. Shemeji anasema ni gari la zamani, atanipa milioni 12 ili lisitoke nje ya ukoo. Je, ni bei ya haki? (Pasua, Moshi)

Pole sana kwa msiba, dada yangu. Bei tuiweke pembeni kwanza, maana hapo ulipo si wewe wala shemeji mwenye uwezo wa kuliuza. Gari bado liko kwa jina la marehemu. Anayeweza kuliuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na bila barua ya usimamizi TRA haitahamisha umiliki. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni mwanzo mzuri wa kwenda nao mahakamani, lakini peke yake hauuzi gari. Kama msimamizi ameshateuliwa na ni huyohuyo shemeji, basi anataka kujiuzia mwenyewe, kwa bei aliyojipangia, mali anayowatunzia wewe na watoto. Msimamizi anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ya alivyozigawa. Mkumbushe kwa upole, mbele ya watu.

Sasa bei. Prado za 1KZ ni za zamani kweli, hilo shemeji hajasema uongo. Lakini dizeli ya lita tatu inayopanda Kibosho wakati wa masika ikiwa na magunia nyuma haishuki thamani kama gari dogo la mjini. Kinachoiua ni kuchemsha. Silinda hedi ya 1KZ, kile kichwa cha juu cha injini, ikishapasuka, bei inabadilika kabisa. Kwa hiyo lipeleke kwa fundi ambaye si rafiki wa shemeji. Afungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya baridi, aliwashe, aangalie kama maji yanatoa mapovu, kisha aliendeshe mlimani mpaka lipate moto. Akuandikie alichoona. Ukiwa na karatasi hiyo, omba watu watatu wa nje wakupe bei zao kwa maandishi. Shemeji akilitaka, apewe nafasi ya kwanza, ila kwa bei ambayo mgeni yuko tayari kulipa.

Hiyo kauli ya "lisitoke nje ya ukoo" nimeisikia mara nyingi, na sijawahi kuisikia ikiambatana na bei nzuri.

Nipige rangi gari zima kabla ya kuuza? Na kuna fundi Unga Limited anasema atarudisha kilomita. (Sombetini)

Rangi mpya kwenye gari la zamani inamfanya mnunuzi atafute puti, ile ya kuzibia bodi iliyobonyea. Atagonga mlango kwa kidole, atalala chini na tochi, na atakuwa na haki. Ondoa mikwaruzo mibaya, osha injini na viti, basi. Kuhusu kilomita: huo ni wizi, na siku hizi ni wizi wa kijinga. Kwa namba ya chesesi mtu anaweza kuipata karatasi ya mnada ya Japani, ikaonyesha gari liliondoka kule na kilomita ngapi. Dashibodi ikisoma pungufu ya hapo, umeumbuka. Karatasi hiyohiyo ikiwa na alama ya R, maana yake gari liligongwa na kutengenezwa kabla hata halijapanda meli. Ya kwako itafute wewe kwanza, usisubiri kuonyeshwa na mteja.

Dalali anataka nimtajie bei yangu ya mwisho, cha juu kiwe chake. Ni sawa? (Mianzini)

Ni kawaida, lakini sawa siyo. Umemwambia 11, yeye anatangaza 13, mwenzake aliyeipata kwake anatangaza 13 na nusu. Wateja wa kweli wanapita, na wewe uko nyumbani unalaumu soko. Baada ya wiki gari lina bei nne kwenye simu za watu nane na kila mtu anajiuliza lina kasoro gani. Kubalianeni kiasi maalumu cha jasho lake, kiandikwe, alipwe siku pesa ikishaingia, na wewe ukutane na mnunuzi ana kwa ana. Akikataa, yeye si wa pekee mjini.

Tunauza Land Cruiser ya watalii, imerefushwa, paa la kufunguka, injini 1HZ. Tangazo lina miezi miwili, hakuna aliyefika bei. (Kijenge)

Mmetangaza lini, Machi? Masika hoteli zimefunga nusu ya vyumba, nani anunue gari la mbugani? Gari hilo lina wateja wa aina moja tu, kampuni za utalii. Mkandarasi au mkulima wa Karatu angeipenda hiyo 1HZ, isiyo na umeme mwingi wa kusumbua, ila hana haja na paa linalofunguka wala viti saba vya dirishani. Kwa hiyo gharama ya kurefusha na kutoboa paa hairudi yote, na kadiri bodi inavyozeeka ndivyo inavyorudi kidogo. Kagueni chesesi pale ilipoungwa. Barabara ya matuta madogomadogo kuelekea Serengeti inapasua welding, na mnunuzi anayeijua kazi ataanza kuangalia hapo. Zibeni nyufa, hifadhini risiti za sevisi, mtangaze tena mapema Mei watu wanapojiandaa kwa msimu wa Juni. Isipouzika hata hapo, bei yenu ni kubwa.

Mnunuzi amelipa yote juzi Ijumaa, nimempa gari na kadi. Kuna kingine? (Usa River)

Kipo, na ulipaswa kuuliza Alhamisi. Mpaka umiliki uhamishwe TRA, gari ni lako. Faini ya mwendokasi itaandikwa kwako, deni la maegesho litakusubiri wewe, na likigonga mtu, polisi wataanzia kwa jina lililo kwenye usajili. Mnahitaji mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili, kadi halisi, TIN (namba ya mlipakodi) na vitambulisho vya wote wawili. Kwenye mkataba andikeni na saa ya makabidhiano, tarehe peke yake haitoshi. Angalia leo kwenye mfumo wa polisi wa faini kama kuna deni, ulipe la kwako, la kuanzia Ijumaa alipe yeye. Kama ameshaondoka nalo kwenda Babati, mpigie sasa hivi.